Diski Yenye Sili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Nimeloa mara mbili, kwenda kazini na kurudi, na viatu viko kando ya jiko vinafuka mvuke. Nilipoingia, mke wangu hakunipa hata pole. Alikuwa ameinamia kompyuta, sikio limekaribia sanduku lake, mkono juu akininyamazisha.

"Sikiliza. Inagonga."

Nikasikiliza. Ta, ta, ta. Kimya. Ta, ta.

"Labda ni mvua kwenye bati."

"Mvua inanyesha ndani ya kompyuta, Bwana Stoo?"

Ananiita hivyo akikasirika, kwa sababu nimetunza stoo ya hospitali tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mimi namwita Mwalimu kama mtaa mzima unavyomwita, ingawa alistaafu mwaka juzi na nyonga yake ikastaafu pamoja naye.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Bado inagonga.

Alhamisi, 6 Machi

Niliandike hili vizuri, maana nikizeeka zaidi nitasahau nani alianza.

Kompyuta ni ya binti yetu, mtoto wetu wa pekee. Aliiunga mwenyewe kipande kwa kipande kwa ajili ya magemu, na ina taa za rangi ndani kama duka la simu. Kisha akaacha kazi ya uhasibu ambayo mama yake alihangaika kumtafutia, akaamua kwenda mji wa mbali kuchora picha za magemu. Mwalimu alisimama mlangoni akamwambia, "Ukitoka hapa, nyumba hii si yako tena." Binti akatoka. Kompyuta ikabaki. Sasa ni mwaka na nusu, na hawajasikiana sauti.

Nyonga ilipomweka Mwalimu ndani, bila mwanafunzi wa kumfokea isipokuwa mimi, aliwasha ile kompyuta kwa kuchoka tu. Akakuta gemu ya kujenga mji: unakata miti, unachimba mawe, unachoma matofali. Siku chache baadaye binti akaingia kwenye gemu kutoka huko aliko, akamkuta mama yake amesimama katikati ya pori anapigana na mti kwa mikono mitupu. Hakusema kitu. Akamletea shoka.

Tangu hapo, kila jioni saa kumi na moja, wanajenga. Wanaandikiana mambo ya kazi tu. "Leta mawe." "Funga geti, kuna mbwa mwitu." Mwalimu huweka nukta mwisho wa kila sentensi kama anasahihisha madaftari. Wana daraja, wana shule (nani aliijenga, wala usiniulize), na juu ya kilima binti alijijengea nyumba yenye dirisha linalotazama nyumba ya mama yake. Mji wote unakaa ndani ya kompyuta yetu. Hii ikizimwa, binti hana pa kuingia.

Na kinachogonga ni diski, ndipo mji ulipohifadhiwa. Ikifa, sijui hawa wawili watakutana wapi tena.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia binti kama kawaida ya Jumapili, nikiwa nje chini ya ukingo wa paa ili Mwalimu asisikie.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama yako anakusalimia sana. Anauliza kama unakula vizuri."

Mwalimu hajauliza. Nikaingia ndani nikamwambia Mwalimu, "Binti anakusalimia, anauliza hali ya nyonga." Binti naye hakuuliza. Kazi hii ya kubeba salamu ambazo hazikutumwa naifanya kila wiki, na sioni ubaya wake. Mtu afanyeje na watu wawili wenye shingo ngumu namna hii? Mwalimu aliitikia "Haya" huku amegeuza uso, na chakula cha jioni alikila chote.

Jumanne, 11 Machi

Nimeipeleka kompyuta kwa fundi, nimeipakata kwenye teksi kama mgonjwa. Fundi ni mwanamke mwembamba, kibanda chake kimebanana na cha kinyozi, na bisibisi huichomeka kwenye kilemba. Ndiyo maana watu wanamwita Bisibisi. Kila kitu kwake ni kesho, lakini leo alikuwepo.

"Diski hii inaaga, mzee. Msiiwashe hovyo. Tafuta nyingine tuhamishe vitu ikiwa bado inapumua."

"Nitafute ipi? Nataka ya kuaminika. Sitaki kurudi hapa mvua ijayo."

Akaniambia nichukue ile aina mpya isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Nisitamani ukubwa. Na diski yoyote, hata iwe imetoka mbinguni, isiaminiwe mpaka ijazwe yote na kusomwa yote. Halafu akatoa moja kwenye mfuko wa nailoni.

"Hii ilitoka kwenye kompyuta ya ofisi iliyoungua. Nimeijaza pomoni, nikaisoma, imerudisha kila kitu. Chukua hii ulale."

"Sili yake iko wapi?"

"Sili ya nini tena, mzee? Imeshatumika."

Basi. Mimi stooni kwangu katoni ikija imefungwa na sili yake ni nzima, naipokea, naipanga, nasaini. Ikija imefunguliwa inarudi kwenye gari lililoileta, hata dereva alie machozi. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha wengine. Sasa nimpelekee mke wangu kitu kutoka kwenye mfuko wa nailoni? Nikamshukuru, nikamwambia nitatafuta mwenyewe.

"Sili inapigwa hata uchochoroni, mzee," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Ijumaa, 14 Machi

Paa la stoo linavuja juu ya glovu. Tumehamisha katoni zote kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mgongo wangu hauna hali.

Jumamosi, 15 Machi

Nimezunguka mjini toka asubuhi kwenye matope. Duka la kwanza, muuzaji aliniambia diski zote ni orijino. Nikamuuliza ipi ni orijino zaidi, akasema inategemea mfuko wangu. Duka la pili akaniambia wa duka la kwanza ni tapeli. Duka la tatu akaniambia wa pili ni tapeli, na wa kwanza ni shemeji yake. Nilitaka kukaa chini palepale.

Duka la nne lilikuwa la vioo, lina feni, na dada muuzaji aliniita "mzazi". Akaniletea boksi zito, jipya, limezungushiwa nailoni, na penye mfuniko kuna sili inayong'aa. Nikapitisha kidole gumba kwenye kingo za sili kama ninavyofanya kazini. Haijaguswa. Ukubwa wake ni mara nne ya ile ya zamani, na bei nafuu kuliko nilivyoogopa. Nikajisemea, ona sasa, Bisibisi alitaka kunipa mtumba.

Nimerudi nyumbani nimechoka lakini roho imetulia.

Jumapili, 16 Machi

Bisibisi amekuja nyumbani, maana nilikataa kuloanisha kompyuta tena. Alilitazama boksi, akaigeuzageuza diski mkononi.

"Kubwa hivi, kwa bei hii? Mzee, niache kwanza niijaze yote ndiyo nihamishe. Itachukua mchana kutwa."

"Umeme wenyewe hauna mchana kutwa. Na sili umeiona."

"Nimeiona."

"Na saa kumi na moja haisubiri mtu," Mwalimu akasema kutoka kitini. Ungedhani ana miadi na rais.

Wingu lilikuwa jeusi, Bisibisi naye alitaka kufika kwake kabla halijamwagika. Akaguna, akahamisha. Ile ya zamani iligonga mpaka faili la mwisho likapita, kisha ikanyamaza moja kwa moja. Tulijaribu kuiwasha tena, wapi. Saa kumi na moja kamili Mwalimu alikuwa darajani, na binti akaingia. "Umechelewa." akaandika Mwalimu, na nukta yake.

Jumatatu, 17 Machi

Haigongi. Nimelala fofofo.

Jumatano, 26 Machi

Gemu imeleta nyongeza kubwa, imeshuka usiku na mchana. Sasa kuna farasi. Mwalimu ana farasi wawili na amenikataza kucheka.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua, matope, mvua. Stooni nimepokea mzigo wa sindano, sili zote nzima. Mwalimu na binti wanajenga soko. Leo nimesoma juu ya bega lake, binti ameandika: "Mama, paa lako limepinda." Ni mara ya kwanza neno hilo limeandikwa humo. Mwalimu akajibu: "Halijapinda." Halafu akakaa akilitazama neno hilo, "Mama", mpaka kioo kikajizima chenyewe. Nikajitia hamnazo, nikaenda kuosha vyombo.

Jumanne, 8 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Nimefika nyumbani kabla ya saa kumi na moja. Mwalimu alikuwa amesimama. Anasimama kwa shida siku hizi, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

"Njoo uone alichofanya mwanao."

Juu ya kilima, pale penye nyumba ya binti, hapakuwa na nyumba. Palikuwa na miti na majani marefu, kama vile hakuna mtu aliyewahi kukanyaga. Hata ngazi ya mawe iliyopanda kutoka mtoni ilikatika katikati, na kilichofuata ni pori.

"Kaing'oa," Mwalimu akasema. "Mpaka msingi. Kapanda na miti juu yake ili nielewe."

"Labda kompyuta..."

"Kompyuta ndiyo ipande miti? Juzi tu kaniita mama. Kumbe alikuwa ananiaga."

Saa kumi na moja binti akaingia. Tulimwona akivuka daraja, akipanda ngazi, akifika pale ilipokatika. Akasimama. Mwalimu aliweka mikono kwenye kibodi lakini hakuandika, na mimi nilitaka kumwambia andika, andika lolote. Tukamtazama binti yetu amesimama chini ya miti ile, haendi mbele wala harudi nyuma. Kisha maneno yakatokea.

"Sawa mama. Nimeelewa."

Akatoka.

"Umeona?" Mwalimu akasema. "Hata kukana hakani."

Akazima kompyuta, akaenda kulala na jua bado lipo. Nimeomba radhi mlangoni kwa kosa ambalo silijui.

Jumatano, 9 Aprili

Hakuingia.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakuingia. Mwalimu anasema hamsubiri, lakini amekaa pale tangu saa kumi.

Jumapili, 13 Aprili

Nimempigia binti, hapokei. Baadaye akatuma ujumbe: "Niko salama baba. Naomba muda." Nikamwambia Mwalimu binti anamsalimia. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumanne, 15 Aprili

Leo Mwalimu aliniita kwa sauti tofauti. Nusu ya shule imekwenda. Darasa limekatwa kama mkate, upande huu madawati, upande ule vichaka na sungura.

"Yeye hajaingia wiki nzima," akasema. "Nani anabomoa?"

Niliomba ruhusa kazini, nikaizungushia kompyuta mfuko wa plastiki, nikaenda kwa Bisibisi. Aliichomeka diski kwenye mashine yake, akaanza kuijaza, na hata hatukukaa sana.

"Mzee, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Ndani hii ni ndogo kuliko ile iliyokufa. Imefundishwa kusema ni kubwa. Ikishajaa haisemi imejaa, inaandika vipya juu ya vya zamani. Ile nyongeza ya farasi ndiyo iliyoijaza, na kila mlichojenga baada ya hapo kimelalia nyumba za watu."

"Na miti?"

"Gemu ikikuta mahali patupu inapajaza kama palivyokuwa kabla ya mtu kujenga. Pori."

Akaipasua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na kibao kidogo kama ukucha wangu, na kando yake kipande cha chuma kimebandikwa kwa gundi, ili iwe nzito mkononi. Nilikitazama kile chuma nikaona aibu mpaka masikioni. Miaka yangu yote stooni nimehesabu maboksi, na hakuna siku nimejali kilichomo.

Nilidhani atanicheka. Hakucheka.

"Na mimi nina langu," akasema. "Nilijua siihamishi kabla ya kuijaza. Nilikimbia wingu."

Kilichobaki cha mji amekihamishia kwenye ile diski ya mfuko wa nailoni. Nyumba ya kilimani haimo. Ile diski ya kwanza tumeijaribu tena na tena, hata kugonga haigongi. Nimeichukua ile isiyo na sili, na kile chuma mfukoni, nikarudi nyumbani kwenye mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemweleza Mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halijatokea tangu tuoane.

"Kwa hiyo hakuibomoa."

"Hakuibomoa."

"Na yeye anadhani nimeibomoa mimi."

"Ndiyo."

Akakaa. Akashika nyonga, ingawa nadhani haikuwa nyonga iliyomuuma.

"Mpigie."

"Mpigie wewe, mke wangu."

"Mpigie wewe. Ndiyo kazi yako."

Alhamisi, 17 Aprili

Binti alipokea. Nikamwambia yote: boksi, sili, chuma cha gundi, farasi. Nilisema polepole na kwa mpangilio.

"Baba," akasema, "nakupenda. Lakini acha."

"Niache nini? Ni kweli!"

"'Mama yako anakusalimia sana.' 'Mama yako anauliza kama unakula.' Mama hajawahi kumuuliza mtu kama anakula. Nilijua tangu salamu ya kwanza, baba. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa inakufurahisha. Sasa kanifukuza mara ya pili, na wewe umekuja na hadithi ya diski."

"Mwanangu, naapa."

"Hata salamu ulikuwa unaziapia."

Nimesema ukweli mara moja katika mwaka na nusu, na hauna mnunuzi. Akaniaga vizuri, kwa adabu zote, akakata. Nimebaki nje mvua ikininyeshea kichwani.

Ijumaa, 18 Aprili

Homa. Nimelala. Mwalimu ameniletea uji akauliza binti alisemaje. Nikajigeuza ukutani kama nimesinzia.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo hakukubali nisinzie.

"Alisemaje?"

"Haniamini."

"Kwa nini asikuamini baba yake?"

Basi nikatapika yote. Kwamba zile salamu za kila Jumapili nilizitunga. Mwalimu alishusha bakuli.

"Zangu kwake?"

"Na zake kwako."

"Zote?"

"Zote."

"Na ile ya nyonga? Kwamba aliulizia nyonga yangu?"

"Na ya nyonga."

Nimemwona Mwalimu akiwa na hasira mara nyingi, lakini leo midomo ilikuwa inamtetemeka. "Mimi ile ya nyonga niliishi nayo," akasema. "Nilikuwa naisubiri Jumapili." Nilitamani ardhi inimeze. Akanyoosha mkono. "Lete simu. Na wewe toka humu."

Nikatoka, lakini niliegemea upande wa pili wa mlango, siwezi kujidanganya kwenye shajara yangu mwenyewe. Nilisikia ikiita. Nikasikia sauti ya binti, maana Mwalimu huweka sauti juu kama anahutubia paredi.

"Shikamoo baba."

"Mimi si baba yako."

Nikasikia mvua, na pumzi za Mwalimu.

"Nyumba ya kilimani imeliwa na diski ya baba yako," akasema. "Hilo ni kweli, kipande cha chuma nimekishika. Sikuigusa nyumba yako. Lakini yale ya mlangoni niliyasema mimi. Kwa mdomo wangu. Hayo hayakuwa ya diski."

Binti akaanza kulia, kulia kwa kelele kama alivyokuwa analia akiwa mdogo, na katikati ya kilio akafoka.

"Mwaka na nusu, mama! Mwaka na nusu!"

"Na wewe hukuwa na vidole vya kupiga?"

"Uliniambia si nyumba yangu!"

"Nilikwambia nikiwa na hasira! Mtu mwenye hasira unamsikiliza?"

"Wewe una hasira kila siku, mama, nikusikilize lini?"

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa. Ndiyo kazi yangu hiyo, kuingia katikati, kusema mama yako hakumaanisha, mwanao hakumaanisha. Sauti zikapanda. Binti akataja ile kazi ya uhasibu. Mwalimu akataja ada ya shule. Binti akasema paa la soko limepinda na kila mtu anaona limepinda. Nikaachia kitasa. Hakuna aliyekuwa ananiita.

Nikaenda sebuleni, nikavua viatu, nikajilaza kwenye kochi. Nikawasikia kupitia ukutani, mmoja akipanda mwingine akishuka, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze sikuwa na kitu cha kubeba. Machozi yakanitoka kidogo, na usingizi ukanichukua hapohapo.

Nilipozinduka giza lilikuwa linaingia, na walikuwa bado wanagombana. Nikageukia upande wa pili nikaendelea kulala.